Mikebe ya Mama Mildred

Kiplombe, Eldoret
9 Machi 2025

Mwanangu Mildred,

Nakusalimia kwa sauti ile ya kuita kuku, labda itafika huko juu ambako simu yako imelala kama gogo tangu uende. Hapa tuko salama. Baba yako anakohoa kidogo, kuku wanataga, na mimi uso unang'aa kwa sababu ya mikebe yako.

Wanyoike aliileta jana kwa lori lake, katikati ya magunia ya viazi, na hata mmoja haukumwagika. Nimeipanga mbele ya nyumba, pale ambapo mtu akienda kuchota maji lazima aione. Ni mikebe ya rangi, ndiyo, lakini ni ya chuo kikuu! Waceke wa duka alikuja mbio akijifanya anatafuta mbuzi wake. Akasema, "Mama Mildred, siku hizi unapanda nyasi? Si zimejaa huko nje bure?" Nikamwambia, "Hizi zako za nje ni za mbuzi. Hizi zinasoma. Msichana wangu anafanya digrii ya pili kwa ajili ya hizi. Na Irungu wako anasomea nini vile?" Mbuzi akapatikana saa hiyo hiyo.

Maagizo yako nimeyashika. Mkebe wenye mstari mweupe ni wa udongo wa ndani ya fensi ya huko mlimani. Mstari wa njano ni wa nje, ambako ng'ombe hukanyaga kila siku. Mstari mwekundu ni wa korongoni, ambako mvua imekula ardhi mpaka ikafika kwenye mfupa. Mbegu ni moja kwa yote. Kikombe kimoja cha maji asubuhi, na kisiongezwe kitu kingine. Nimesikia. Mimi si mama wa kuambiwa mara mbili.

Lakini kuna jambo. Wanyoike akishusha mikebe alisema, "Mama Mildred wa mlimani anakusalimu." Nikamwuliza, Mama nani? Akacheka, akasema huko Cherangani huyo Hellen unayekaa kwake wote wanamwita Mama Mildred. Nikamwambia Wanyoike azime injini anisikie vizuri. Mama Mildred ni mmoja. Alikubeba kwa miguu kutoka Sugoi siku ya mafua yako makubwa, na goti lake linauma mpaka leo kama ushahidi.

Nimekutumia kuku wa kukaanga na ile sweta ya maruni niliyofuma kwa mkono wangu. Uivae. Nimeweka vifungo vya shaba.

Ni mimi,
Mama Mildred


Cherangani
16 Machi 2025

Mama mpendwa,

Kuku alifika akiwa bado na harufu ya nyumbani. Asante sana. Asante pia kwa kuipa mikebe mahali pa heshima, ingawa ningefurahi kama ungeiweka mbali kidogo na mbuzi wa Waceke.

Ngoja nikueleze kwa nini ninayo mikebe kwako na mingine kama hiyo huku. Huku juu nyasi zimegoma. Mahali ambapo mifugo imekula na kukanyaga kwa miaka mingi, udongo mweusi wa juu umeondoka na maji, uliobaki ni mgumu. Mbegu inachipuka, inafika kimo cha kidole, halafu inasimama hapo. Wengine wanasema kosa ni la udongo, ardhi imechoka, ipumzishwe. Wenye ng'ombe wengi wanasema hapana, ni baridi ya mlima tu, siku zote nyasi huku ni fupi. Sasa udongo ni ule ule, nimeupeleka kwako kwenye joto. Nyasi zikishindwa na huko Kiplombe, basi udongo ndio mgonjwa. Zikistawi kwako, basi ni baridi.

Mama Hellen na akina mama wenzake ndio waliowabembeleza wenye ng'ombe mpaka upande mmoja wa kilima ukawekwa fensi, upumzike. Mwezi wa sita kuna mkutano wa kuamua kama fensi itabaki au itang'olewa. Watatumia majibu ya mikebe. Kwa hiyo tafadhali, Mama, kikombe cha maji na basi. Hata ukiona zinakufa. Ziache zife.

Kuhusu jina, usikasirike. Huku mwanamke huitwa kwa mtoto anayelala nyumbani mwake. Mama Hellen hakujaliwa mtoto. Nilipofika na begi langu, jirani akamwita hivyo kwa utani, na yeye akaitika. Ningemkataza vipi?

Mwanao,
Mildred


Kiplombe
6 Aprili 2025

Kwa Mama Hellen,

Hatujaonana lakini tunajuana kupitia mtoto wangu. Mimi ni Nangila, mama yake Mildred, yule aliyemzaa, katika hospitali hapa Eldoret, mvua ikinyesha. Nakushukuru kwa kumpa mahali pa kulala. Mildred ananiandikia kwamba unapika vizuri. Hajasema unapika nini.

Nimeona tufahamiane kwa sababu sote wawili tumepewa mikebe. Yangu iko mbele ya nyumba na watu wanakuja kuitazama. Ile ya mstari mweupe imejaa nyasi nzuri, ukipitisha mkono unasikia kama nywele za mtoto baada ya kuoshwa. Ile ya njano iko hivyo hivyo. Ile myekundu bado haijaamka vizuri, lakini naitazama kwa macho makali na najua itaamka. Mikono yangu haijawahi kushindwa na mmea. Uliza mtu yeyote Kiplombe kuhusu sukuma wiki yangu.

Yako inaendeleaje? Nauliza tu. Sishindani na mtu.

Wako,
Nangila, Mama Mildred


Cherangani
13 Aprili 2025

Mama Mildred wa Kiplombe,

Nimefurahi sana kupata barua yako. Nilisomewa na Mildred nusu, nusu nikamaliza mwenyewe kwa sababu alikuwa anacheka. Ninapika viazi, mboga ya mlimani na mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Sasa umejua.

Mikebe yangu iko nyuma ya zizi. Mweupe umejaa mpaka nyasi zinaanguka nje. Wa njano una nyasi kama ndevu za kijana. Mwekundu unanipa huzuni. Zilitoka zote pamoja, zikanyoosha shingo, halafu zikasimama. Majani yamekuwa ya manjano kwenye ncha. Ukimwaga maji yanakaa juu kama kwenye sahani, hayaingii. Kuna asubuhi nikiziangalia mkono wangu unatafuta samadi wenyewe. Lakini Mildred amenikataza, na mimi nimekubali, kwa sababu ule ni udongo wa kilima changu na lazima watu wauone ulivyo.

Asante kwa sweta. Mildred aliona natetemeka nikikamua, akanivisha yeye mwenyewe. Vifungo vyake vinanifanya nionekane mke wa chifu. Umefuma vizuri sana.

Usiwe na wasiwasi juu ya homa yake, ilishaisha. Ilikuwa mbaya siku kama nne, nikamkanda na maji ya moto, nikalala chini karibu na kitanda chake. Alikuwa anapapasa akiita mama, nami nilikuwa pale. Sasa anakula.

Wako,
Hellen


Kiplombe
20 Aprili 2025

Mildred,

Ulikuwa mgonjwa.

Ulikuwa mgonjwa na mimi nilikuwa hapa nawaelezea watu kanisani jinsi unavyoendelea vizuri. Nilisimama mbele na kushukuru! Na wewe huko unakandwa na mtu mwingine. Homa yako mimi ndiye ninayeijua. Inaanzia kwenye miguu, na hutaki blanketi, unataka leso ya kujifunika. Alikupa leso? Hakujua.

Sweta nimesikia ilikoishia. Sijasema neno.

Baba yako anasema nipunguze, ati ni vizuri mtoto akipendwa kila mahali. Nimemwambia akohoe taratibu aniache nifikirie.

Mikebe yako iko salama. Ngoja uje uione. Utajua mama ni nani.

Nangila


Kiplombe
18 Mei 2025

Kwa Hellen wa Cherangani,

Kaa chini kabla hujasoma.

Jumatano mtoto wangu alishuka kuja kupima mikebe. Alianza na mweupe, akaandika. Akaja wa njano, akaandika, akakunja uso. Alipofika kwa mwekundu, Hellen, aliweka rula chini. Nyasi zilikuwa za kijani kibichi mpaka zinaelekea kuwa nyeusi! Majani mapana kama ya kitunguu! Zimezipita hata za mweupe! Alizishika, akaniangalia, akasema, "Mama, hii ni nini?" Nikamwambia, "Hiyo ni Kiplombe."

Akampigia profesa wake simu. Kesho yake profesa akaja mwenyewe na gari, akaingia mpaka kwangu, akakaa kwenye kiti changu kile chenye kitambaa cha maua, akanywa chai vikombe viwili. Waceke alipita mbele ya nyumba na ndoo tupu, akarudi na ndoo tupu. Profesa akanipa mkono, akasema, "Mama, umetusaidia sana." Watu wamesikia. Na wasiosikia nimewaambia.

Naambiwa yako ya mstari mwekundu bado ni ya manjano. Usijilaumu. Ni baridi ya huko kwenu. Halafu tena kuna mambo ambayo mtu hafundishwi. Mimi siwezi kumtazama mtoto dhaifu nikakunja mikono, nikasema nimeambiwa nisimguse. Aliyezaa ana kitu chake cha kumpa, anakijua, anampa kidogo kidogo asubuhi kabla watu hawajaamka, na mtoto anasimama. Ambaye hajazaa atafuata maagizo.

Nasema tu. Salimia ng'ombe.

Nangila,
Mama Mildred wa pekee


Cherangani
25 Mei 2025

Mama mpendwa,

Bado sijaamini. Nimeangalia picha za mikebe yako mpaka betri ikaisha. Profesa anasema jibu limejitokeza lenyewe: udongo wa korongoni ukipelekwa kwenye joto unafufuka, kwa hiyo huku tatizo ni baridi. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba ni udongo. Nilikosea, na hiyo ndiyo sayansi, unakubali.

Wenye ng'ombe tayari wamesikia, na wamefurahi mno. Mzee mmoja alinipungia fimbo kutoka ng'ambo ya kilima akisema, "Msichana, si tuliwaambia!" Mkutano ni tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Hakuna atakayetetea fensi sasa. Siku hiyo hiyo mifugo itaingizwa.

Nilipomweleza Mama Hellen aliniambia "sawa", akatoka, akakaa katikati ya zile nyasi alizozilinda miaka miwili. Sijawahi kumwona amekaa tu hivyo, bila kazi mkononi. Nadhani ataumia kwa muda.

Nimeandika jina lako kwenye ripoti, ukurasa wa shukrani, mstari wa kwanza kabisa. Nangila wa Kiplombe.

Mwanao,
Mildred


Cherangani
27 Mei 2025

Mama Mildred,

Uliipa samadi ya kuku.

Sikuulizi, nakuambia. Nimefuga kuku na najua kijani cha kuku. Nyasi haziwi nyeusi hivyo kwa joto. Na barua yako ilisema wazi, mtu akisoma polepole.

Sijamwambia Mildred. Nilianza kusema mara mbili nikameza. Nikisema mimi, nitakuwa nimemharibia mama yake mbele ya macho yake. Huyo mtoto anakutaja mpaka kwenye kukoroga chai, "Mama hukoroga hivi." Siwezi kuwa mimi.

Lakini tazama kitu kinachokuja. Kilima hiki nilikiona nikiwa msichana, nyasi zilikuwa zinaficha ndama. Kikaliwa mpaka kikabaki uwanja, na mvua ikakata makorongo, na hata mto wa chini ukawa mwekundu. Tuliomba miaka mingi kupewa kipande kimoja tu kipumzike. Nyasi ndiyo kwanza zimeanza kushika. Mizizi bado ni michanga. Ng'ombe wakiingia mwezi ujao watazing'oa kama nywele za mgonjwa, na hakuna atakayetusikiliza tena, kwa sababu itasemwa chuo kikuu kilipima.

Mwambie wewe. Si kwa ajili yangu. Mwambie kabla ya mkutano.

Umesema ambaye hajazaa atafuata maagizo. Ni kweli. Nilifuata.

Hellen


Kiplombe
1 Juni 2025

Hellen,

Barua yako nimeisoma. Umeandika vizuri, utafikiri huna nia nyingine.

Hebu nikuulize. Nikimwambia, nini kinatokea? Jina langu linatoka mstari wa kwanza. Mikebe yangu inamwagwa. Inabaki yako. Fensi ni yako, kilima ni chako, mtoto analala kwako, sweta umevaa, na ripoti nayo iwe yako? Mimi nibaki na nini, goti? Profesa alikaa kwenye kiti changu. Kanisa zima linajua. Waceke anajua!

Na nani amesema ni samadi iliyofanya kazi? Labda ni mkono wangu. Labda ni joto, kama profesa alivyosema. Wewe umesoma wapi kumzidi profesa?

Tena kama unampenda kama unavyodai, mbona unataka aaibike? Mtoto ameshika jibu lake mkononi, anacheka, wewe unataka limdondoke. Mimi namtaka acheke.

Nimekasirika. Usinijibu.

Nangila


Kiplombe
8 Juni 2025

Mwanangu Mildred,

Nampa Wanyoike barua hii mwenyewe na nimemwambia asisimame popote kunywa chai mpaka aiweke mkononi mwako.

Siku zote hizi nimekuwa nataka kumwonyesha mtu fulani kwamba ni mkono wangu, si kitu kingine. Kwa hiyo jana nilichukua mkebe mmoja mwekundu, ule mzuri kuliko yote, nikaupindua juu ya gunia. Nilidhani nitaona mizizi imejaa mpaka chini, nimpigie picha.

Udongo ulitoka kama tofali. Ulikuwa na umbo la mkebe. Mizizi yote ilikuwa juu juu, pale nilipokuwa naweka, imejikunja kwenye samadi kama wageni waliokataa kupita mlangoni. Chini hakukuwa na uzi hata mmoja. Nilichokonoa na kisu cha jikoni, kikateleza. Halafu nikapindua mweupe. Huo haukutoka kirahisi, mizizi ilikuwa imeshika mkebe mpaka kwenye matundu ya chini, na udongo ukabaki umening'inia hapo haudondoki.

Basi nikakaa kwenye ngazi.

Mildred, ni mimi niliyelisha ile myekundu. Samadi ya kuku, iliyooza vizuri, kijiko asubuhi, tangu ile Pasaka niliposikia ulikuwa na homa ukakandwa na mwingine. Yale majani si ya udongo ule. Ni ya kuku wangu. Udongo ni mgonjwa kama ulivyosema mwanzo. Hukukosea. Mtoto wangu hajawahi kukosea, ni mama yake aliyemkosesha.

Hellen aliniandikia nikuambie, nami nikamtukana. Nilijua alikuwa na haki, ndiyo maana nikamtukana vizuri. Sikutaka yake iwe ya kwanza. Huko una mama anayejua kukaa kimya na kukutazama, na mimi sijui, mimi nikiona kitu chako kimenyauka lazima nikimbie na kijiko.

Futa jina langu. Lifute kwa kalamu nzito. Halafu nenda mkutanoni useme.

Profesa mwambie nina chai nyingine, kama atapenda kuja hata hivyo.

Mama


Cherangani
15 Juni 2025

Mama Mildred,

Mildred hataki kuandika. Sikudanganyi. Aliposoma barua yako alitembea mpaka korongoni akarudi jioni na viatu vyekundu, akala, akalala. Kwa hiyo naandika mimi.

Jana kwenye mkutano alisimama. Alisema, "Wazee, mikebe ya Eldoret isihesabiwe. Ile myekundu ililishwa samadi." Mmoja akauliza kwa sauti, "Na nani?" Akasema, "Na mama yangu."

Halafu yule mzee wa fimbo akasema, "Sasa mlimpelekea mama wa mtu kitu kinachokufa, mkamwambia atazame tu? Ninyi watu wa chuo mmekosa adabu." Walicheka mpaka mwingine akaanguka kwenye benchi. Mildred alicheka pia, lakini alikuwa anafuta macho.

Baada ya hapo nikaleta mikebe yangu. Nikaipindua yote mbele yao juu ya turubai, kama ulivyofanya wewe. Waliushika ule udongo wa korongoni, wakaugonga na fimbo ukalia. Wakashika mweupe. Hakuna aliyecheka tena. Wanasema swali la joto bado halijajibiwa, mikebe ipandwe upya, huku na huko, na fensi ibaki mpaka ije ijibu. Ni msimu mmoja zaidi. Msimu mmoja kwa nyasi ni mwingi.

Sasa Mildred anashuka mjini kuandika ripoti upya. Atakaa kwenu Kiplombe, na mikebe mipya ya huko ataitazama mwenyewe, amesema hivyo akiwa ameuma meno. Huku ninabaki peke yangu na mikebe na ng'ombe, na mgongo unanisumbua. Nahitaji mtu.

Lete sweta yako nyingine. Hii sirudishi.

Hellen


Cherangani
13 Julai 2025

Mwanangu Mildred,

Najua bado umekasirika kwa sababu ulimtuma Wanyoike na sabuni na chumvi bila hata mstari mmoja. Chumvi tunayo. Hata hivyo nimeipokea na kuiweka peke yake, hakuna kupika nayo. Ni yangu.

Nakaa vizuri. Huyo Hellen wako anakoroma, na ugali wake ni laini kama uji, nimemfundisha. Anadai amenifundisha kukamua. Watu wa huku wakiita "Mama Mildred!" tunageuka wawili. Mimi hugeuka kwanza. Jumapili kanisani alinitangulia, nikamkanyaga kidogo, kwa bahati mbaya.

Nimekiona kilima. Ungeniambia mapema nikanyage, ningeelewa kuliko maelezo yote. Nje ya fensi mguu unagonga, unasikia mpaka kwenye goti. Ndani ya fensi mguu unazama kama kwenye godoro, na kuna vimaua vidogo vya zambarau chini kabisa ambavyo mtu haoni mpaka apige magoti. Mvua ilipokuja juzi tulisimama kwenye fensi na yeye. Upande wa nje maji yalikimbia mekundu. Upande wa ndani hayakukimbia, yaliingia. Hellen alishika waya tu akatazama. Nilimwonea wivu, Mildred, nakuambia ukweli. Kilima kizima kinamwitikia, na hakijui kuongea.

Sasa mikebe. Amenipa mimi ile myekundu. Amesema, "Hii ni yako, tuone." Zimechipuka zote. Kwa siku kadhaa zilinyoosha shingo kama zitaweza. Leo zimeanza kuwa za manjano kwenye ncha. Kuku wa Hellen wako hapa hapa, mita chache, na samadi yao nimeichungulia, imeoza vizuri sana, afadhali hata ya kwangu. Asubuhi nikiamka mkono wangu unaujua ule upande. Nauweka mfukoni.

Nimezipa kikombe cha maji. Maji yamekaa juu. Nimekaa nazo mpaka yakaingia, nikiwa nimekunja mikono, sijazipa kitu kingine chochote. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kukufanyia, na hakuna mtu wa Kiplombe aliyeniona nikiifanya.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, uone.

Mama Mildred,
yule aliyegeuka kwanza